Kaktasi Yenye Mzizi Mmoja

Fundi wa meno ya bandia wa ghorofa ya pili, ambaye jengo zima lilimwita Gego na yeye akaitika bila kinyongo, alikuwa amefanya mazoezi ya maneno yake kwa wiki tatu mbele ya mataya arobaini ya plasta. Mataya yale yalipangwa rafuni juu ya meza yake ya kazi, kila moja na namba ya mgonjwa wake, na yote yalikuwa yamekenua, maana taya la plasta halina namna nyingine ya kukaa. Siku nyingine alihisi yanamcheka. Hakujali. Mtu wa miaka hamsini na minane ambaye hajawahi kuposa popote hachagui wasikilizaji.

Aliyekusudiwa maneno hayo alikuwa mshonaji wa chini, mjane mwenye duka lenye dirisha kubwa, cherehani mbili, na binti mmoja aliyemsaidia kutoboa matundu ya vifungo na kupokea wateja. Binti huyo alikuwa msichana mzima wa miaka ishirini na minne, mwenye adabu zake, na kwa adabu hizo hizo alimwita Gego "mjomba". Hapo ndipo alipokuwa akimuua. Mjomba ni kaka wa mama, na kama kuna kitu ambacho Gego hakutaka kabisa kuwa katika dunia hii, ni kaka wa mama yule.

Sasa, mtu mzima hawezi kushuka ngazi kila siku kwenda dukani kwa mwanamke bila sababu. Gego hakuwa na suti ya kushonesha kila siku. Kwa hiyo, miaka miwili nyuma, aliponunua kaktasi na kumpelekea mshonaji kama zawadi ya jirani, alikuwa pia amejinunulia sababu. Ilikuwa kaktasi ya mviringo, yenye ukubwa wa ngumi mbili, na mwiba mmoja uliopinda upande mmoja. Mwanzoni alishuka mara moja kwa mwezi na kikombe cha maji. "Nimekuja kuimwagilia tu," alisema. Halafu ikawa kila wiki. Mwaka huu mambo ya moyo yalipomzidi, ikawa kila siku ya Mungu saa tatu asubuhi, kikombe kimejaa mpaka ukingoni. Kaktasi ikavimba, ikang'aa, wateja wakaisifu. Kumbe chini ya udongo kulikuwa na msiba.

Siku aliyopiga moyo konde, alimkuta mshonaji amebana pini tano midomoni, anapima mkono wa koti. Mtu mwenye akili angengoja. Gego alijua akingoja dakika moja tu atarudi juu na kikombe chake, basi akayamwaga yote palepale: kwamba amekuwa jirani kwa miaka mingi, kwamba nyumba yake ina vyumba vitatu na mtu mmoja, kwamba akisikia cherehani ikinguruma chini ya sakafu yake kazi inakwenda na ikinyamaza mkono unasimama, na kwamba, kwa kifupi, anaomba kumuoa. Binti aliacha matundu yake ya vifungo. Mshonaji alisema, "Mm," maana mwenye pini midomoni hawezi kusema zaidi, akarudi nyuma hatua moja, akashika ukingo wa dirisha ili asianguke, na kiwiko chake kikakigusa chungu cha kaktasi.

Kilichofuata Gego alikiona polepole. Chungu hakikuanguka. Kaktasi ndiyo iliyotoka chunguni peke yake, bila kushikwa na chochote, ikabingirika juu ya meza ya kukatia na kusimama kichwa chini kando ya mkasi. Makalio yake yalikuwa meusi, yameoza, yananuka. Ule msitu wa mizizi ambao kaktasi inapaswa kuwa nao haukuwepo.

Mshonaji alianza kutoa pini midomoni. Alitoa moja, akaichomeka kwenye mto wa pini. Akatoa ya pili. Gego alisimama akizihesabu. Ilipotoka ya tano, mshonaji alimtazama.

"Fundi," akasema, "umeiua."

"Mimi?"

"Nani mwingine anayeleta maji humu kila siku? Mimi nilikuwa nakustahi. Nilidhani unajua unachofanya."

"Nilidhani inapenda," alisema Gego, na kwa kweli alidhani hivyo.

Mshonaji alichukua utepe wake wa kupimia akauzungusha shingoni, jambo alilolifanya kila alipotaka kuonekana mkali. "Ulichoniuliza nimekisikia. Lakini simjibu mtu aliyeniletea kitu kwa mkono huu akakizamisha kwa mkono ule. Ichukue. Ioteshe. Ikishika mizizi, njoo uniulize tena, nitakuwa na jibu."

"Na isiposhika?"

"Isiposhika tutabaki majirani. Majirani wema kabisa."

"Pole, mjomba," alisema binti.

Gego alipanda ngazi amebeba kaktasi ndani ya gazeti, vidole vyake vimejaa miiba, na cha ajabu ni kwamba alikuwa na furaha. Hakukataliwa! Amepewa kazi, na kazi ya mikono ndiyo aliyoijua. Alipofika juu alimpigia simu dada yake mkubwa, aliyeishi mji mwingine na vyungu sitini vya maua barazani, ambaye alikuwa bado anamsemesha kama vile jana tu alimfunga kamba za viatu.

"Wewe mtoto," alisema Dada baada ya kumsikiliza, "kaktasi inamwagiliwa kila siku? Umesikia wapi? Ungekuwa umenunua samaki ningekuelewa."

"Dada, niambie tu la kufanya."

"Chukua kisu kikali, kisafi. Kata yote yaliyooza mpaka uone nyama safi. Yakibaki meusi hata chembe, umekwisha. Halafu iache mahali pakavu siku kumi, kidonda kifanye kigaga. Kisha chungu kipya, mchanga mkavu wa chenga, hakuna maji mwezi mzima. Na usiiguse! Unanisikia? Mizizi michanga inakatika hata ukiipumulia. Usiiguse, usiichungulie, usiitikise."

"Nimesikia."

"Na huyo mwanamke ana akili zake timamu?"

"Anazo zote."

"Basi kakuona nini wewe?" alisema Dada, akakata simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayecheka.

Upasuaji ulifanyika kwenye meza ya meno. Gego alikisafisha kisu chake cha nta kwa spiriti, akavaa miwani ya kukuzia, akakata kipande chembamba baada ya kipande, akifuta kisu kila mara kama alivyofundishwa ujanani. Weusi ukawa kahawia, kahawia ikawa manjano, hatimaye ikatokea nyama nyeupe yenye kijani kwa mbali. Pembeni, mahali ambapo uozo haukufika, palikuwa na mzizi mmoja. Mmoja tu, mwembamba kama uzi wa kushonea, urefu wa kidole kidogo. Gego aliuzunguka kwa kisu kama anayezunguka neva ya jino la mfalme. Kisha akaiweka kaktasi rafuni katikati ya mataya, na ndani ya siku hizo kumi daktari wa meno wa ghorofa ya tatu, aliyekuja kuleta kazi, aliikuta pale imetulia na kigaga chake, akauliza ni jino la nani hilo.

Siku ya kumi na moja ilipandwa upya, na ilipandwa chini, dirishani kwa mshonaji, maana huko ndiko kuliko na mwanga. Hivyo ndivyo Gego alivyosema, na mwanga ulikuwepo kweli. Alileta chungu cha udongo chenye tundu chini na mchanga wa chenga alioupepeta mara tatu. Mshonaji alikuwa ameshona mkanda wa turubai, umekunjwa mara nne na kupigwa mshono pande zote, wa kuizungushia kaktasi ili wasichomwe. Gego akashika ncha moja, yeye akashika nyingine, wakainyanyua kati yao kama watu wanaobeba mtoto mchanga. Vidole vyao vilikuwa karibu sana. Mchanga ukamiminwa kidogokidogo, ule mzizi mmoja ukazikwa kwa heshima, na kokoto tatu zikawekwa kuizuia isiyumbe.

"Mwezi mzima," alisema Gego. "Hakuna maji. Na asiiguse mtu."

"Asiiguse mtu," alikubali mshonaji.

"Mnanitazama mimi kwa nini?" aliuliza binti.

Nisikufiche: Gego alivumilia siku mbili. Usimlaumu upesi. Kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa hiyo, kulishika jino kati ya kidole gumba na cha shahada na kulitikisa kuona kama limeshika. Jino lisilotikiswa halijulikani. Siku ya tatu, mshonaji alipokuwa nyuma ya pazia anampima mteja na binti ametoka kununua nyuzi, Gego alijikuta amekwisha kuizungushia mkanda na kuichomoa. Mzizi mmoja, vilevile. Akairudisha haraka, akapanga kokoto zake, na ili kesho aijue ilivyokaa, akaweka nukta ndogo ya buluu kwenye ukingo wa chungu, sawasawa na ule mwiba uliopinda. Penseli ile ilikuwa ya kuwekea alama kwenye plasta. Nukta yake mtu asiyeijua haioni.

Kesho yake mwiba uliopinda haukuwa kwenye nukta. Ulikuwa umesogea upana mzima wa kidole.

Gego alipanda ngazi mbili mbili, kitu ambacho magoti yake yalikuwa yamekiacha muda mrefu, akampigia simu dada yake. "Dada, inageuka! Iko hai! Inatembea!"

"Kaktasi haitembei. Umeigusa?"

"Sijaigusa."

"Apa."

"Simu inakatikakatika, Dada," alisema Gego, akaizima.

Ndivyo ilivyokwenda kwa wiki tatu. Kila siku alipata upenyo wake, na kila siku mwiba ulikuwa mahali papya, mara kushoto, mara kulia, siku moja ulitazama nyuma kabisa. Chini ya kaktasi ilitokea mizizi midogo myeupe, kama vijino vya mtoto vinapochomoza, na Gego akaimba mpaka daktari wa meno wa ghorofa ya tatu akateremka kuuliza kulikoni. Kesho yake vijino vile havikuwepo. Vikatokea vingine. Navyo vikapotea. Mara mbili alivikuta vimelala mchangani, vimekatika, na roho ikamshuka hadi kwenye soli. Alipokwenda chini kumsalimia mshonaji alikuwa hana hili wala lile, anacheka bila sababu, anajikwaa kwenye kiti kilekile. Mshonaji naye hakuwa mzima sana. Binti alimwonyesha mama yake koti ambalo mkono wa kushoto umeshonwa kulia, na mama mtu akasema ndiyo mtindo.

Mwezi ulipotimia, Gego alikaa mbele ya mataya yake na kujisema vibaya. Akajua. Hakuhitaji Dada amwambie. Mizizi haishiki kwa sababu kila ikichomoza kuna mpumbavu mmoja anaikata, na mpumbavu huyo ana miwani ya kukuzia. Amepewa jambo moja tu la kufanya ili ampate mwanamke aliyemtaka, nalo lilikuwa kutofanya chochote, na hata hilo limemshinda. Ile nyumba ya vyumba vitatu ilimjia machoni na ukimya wake wote. Majirani wema kabisa! Akaapa mbele ya mataya yote arobaini kwamba haigusi tena, na siku nne akakitimiza kiapo, hakushuka hata kusalimia.

Siku ya tano uzalendo ukamshinda. Alijiambia anakwenda kuitazama kwa macho tu, mikono nyuma, na ili asije akashawishika mbele ya watu alikwenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jengo halijaamka, akachungulie kupitia kioo. Lakini mlango wa duka ulikuwa wazi nusu.

Mshonaji alikuwa amesimama dirishani, amempa mgongo. Alikuwa na mkanda wa turubai mkononi. Ndani ya mkanda ilikuwamo kaktasi, imechomolewa, imeinuliwa juu kwenye mwanga na makalio yake hadharani, na mshonaji alikuwa ameiwekea ile lenzi yake ya kutungia sindano akiitazama kwa jicho moja.

"Ota basi, wewe," alikuwa akiiambia. "Ota. Unataka ningoje mpaka lini? Nami ni mtu mzima, siku hazirudi. Ota nimjibu mwenzio."

Gego alitaka kurudi nyuma polepole kama muungwana. Badala yake alijikwaa kwenye kiti kilekile.

Mshonaji aligeuka, akashtuka, na akafanya anachofanya mtu yeyote aliyekamatwa na kitu mkononi: alikificha nyuma ya mgongo. Mkanda ukateleza, miiba ikamzama kiganjani. Ukelele alioupiga ulisikika, inasemekana, mpaka ghorofa ya tatu.

"Tangu lini?" aliuliza Gego, akimkalisha kwenye kiti na kutoa kibano mfukoni, maana fundi wa meno hatembei bila kibano.

"Aii! Polepole. Tangu siku ya pili."

"Mimi siku ya tatu."

Mshonaji aliunyofoa mkono wake. "Wewe pia? Kwa hiyo ile nukta ya buluu—"

"Umeiona?"

"Nimekaa miaka thelathini natafuta alama ya chaki kwenye kitambaa cheupe, nisione nukta ya buluu? Nilidhani ni kuvu! Niliifuta mara mbili, ikarudi!"

"Na mimi nilidhani inageuka yenyewe," alisema Gego. "Nimempigia simu Dada. Nimemwambia inatembea."

Hapo ndipo mshonaji alipoanza kucheka. Alicheka taratibu kwanza, mabega tu, halafu akashika meza, halafu akateleza kitini mpaka sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa, na Gego, ambaye alikuwa bado ameushika mkono wake, akateleza pamoja naye. Walicheka mpaka hakuna sauti iliyotoka. Kila mmoja aliponyamaza, mwenzake alisema "inatembea," na wakaanza upya. Maskini kaktasi ilikuwa imechomolewa mara mbili kwa siku, asubuhi na mapema na mwanamke, mchana na mwanamume, kwa mwezi mzima, na ilikuwa bado inajaribu kuota.

Binti alipofika na funguo zake aliwakuta wamekaa chini, mama yake ananyofolewa miiba kiganjani, wote wawili wanafuta machozi. Akatazama meza. Akatazama kaktasi. "Nilijua," akasema, akaenda kuchemsha chai.

"Fundi," alisema mshonaji, "swali lako bado unalo?"

"Ninalo. Lakini haijashika, Bibi Mshonaji. Tulikubaliana."

"Mtu anayetoka kitandani gizani kuja kufukua kaktasi, unadhani anatafuta mzizi? Uliza upesi kabla sijachukua rula."

Maneno yote ya wiki tatu yalimtoka kichwani. Nyumba, vyumba, cherehani, hakuna hata moja lililobaki. "Utanikubali?" alisema.

"Nimekubali. Nilikubali tangu pini ya tatu. Zile mbili zilikuwa za maringo."

Waliirudisha kaktasi chunguni na mzizi wake mmoja, wakaipangia kokoto zake tatu, na baada ya hapo, kusema ukweli, wakaisahau. Walikuwa na mambo mengine ya kutazama. Dada alikuja na mizigo sita, akamkagua mshonaji toka juu hadi chini, akamkumbatia, akamwambia bado hajaelewa amemwona nini huyu mtoto. Nguo zikashonwa, ndoa ikafungwa, chumba kimoja kati ya vile vitatu kikapakwa rangi kwa ajili ya binti. Miezi miwili ikapita bila mtu kutia maji wala kidole.

Siku ya kuhamisha vitu vya mshonaji, mataya ya plasta yalishuka kusaidia, maana yalikuwa bado ndani ya sanduku alilokuja nalo Gego kubebea vyombo, na hakuwa na lingine. Mshonaji alikuwa amepiga magoti na pini zake midomoni, anarekebisha pazia. Binti alikuwa dirishani. Alitaka kuihamishia kaktasi kwenye chungu kikubwa cha nyumbani, akaizungushia mkanda wa turubai, akavuta. Akavuta tena. Chungu kizima kikainuka pamoja nayo, kikaning'inia hewani na mchanga wake.

"Baba," alisema, "imegoma kutoka."

Gego alikuwa ameinua sanduku. Akalitua chini.

"Umesemaje?"

"Nimesema imegoma kutoka. Imeshika. Njoo uone."

"Siyo hilo. Kabla ya hapo."

Binti alimtazama, kisha akamtazama mama yake, ambaye alisema "Mm" na kuinamia pazia ili asionekane uso.

"Baba," binti akarudia polepole, "imeshika."

Gego alisogea dirishani. Machoni hakuwa akiona vizuri. Akanyoosha vidole viwili, gumba na cha shahada, aitikise kidogo tu kuhakikisha, na mkewe akamchapa mkono kwa rula.